Planna wa matangazo anafanya nini hasa? Nafafanua kwa mfano wa bati, kutokea Mbeya

Tuanze na neno moja ambalo ndo linaleta mkanganyiko wote, neno mteja. Ukiwa ndani ya ajensi ya matangazo ukasikia "mteja kagoma", anayesemwa ni ile kampuni yenye bidhaa, inayolipa ajensi ili itengenezewe tangazo. Toka nje, ingia duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, ukisikia "mteja kagoma" hapo ni yule mama aliyeshika pochi anasema bei kubwa, ngoja nizunguke kwanza. Neno moja, watu wawili ambao mara nyingi hata hawajawahi kuonana. Na kazi ya planna, ukitaka uielewe bila kuzunguka sana, ni hii: kwenye kile chumba cha kikao mteja wa kwanza yupo na hela zake, wabunifu wapo na mawazo yao, planna anakaa pale kwa niaba ya yule wa pili ambaye hakualikwa. Ili tusipotezane, wa kwanza nitamwita mwenye bidhaa, wa pili nitamwita mnunuzi.

Nimeifanya kazi hii miaka kadhaa, nikaanzia Dar halafu nikarudi nyumbani Mbeya, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "kwahiyo wewe ndo unachora mabango?" Sichori. Na yale maneno ya redioni siandiki mimi. Ajensi ya ukubwa wa kawaida ina watu wa akaunti, hawa wanashika uhusiano na mwenye bidhaa, wanafuatilia malipo, wanahakikisha kazi inatoka kwa wakati. Ina wabunifu, yaani mtu wa maneno na mtu wa picha, mara nyingi wanafanya kazi wawili wawili. Ina watu wa midia wanaonunua muda wa redio, tivii, mabango na mitandao. Sasa kabla wabunifu hawajaanza kuwaza tangazo lolote kuna mtu anatakiwa ajibu maswali ambayo yanaonekana mepesi mpaka uyaguse: tunaongea na nani, tatizo lenyewe ni lipi kweli kweli, na kama tunaruhusiwa kumwambia huyu mtu kitu kimoja tu, tumwambie kipi. Huyo ndo planna. Wengine wanamwita mtu wa mkakati, wengine mtu wa strateji, ni yule yule. Ila usimchanganye na yule wa midia ambaye naye kwa cheo anaitwa planna, yeye anapanga tangazo likae wapi na saa ngapi, huyu wetu anapanga liseme nini na kwanini.

Nitumie mfano wa bati kwasababu ndo kazi iliyonifundisha zaidi. Mwenye bidhaa simtaji. Alikuwa anauza kwa jumla mabati ya rangi, anahudumia Mbeya, Songwe mpaka Njombe, akaja na brifu, yaani yale maelezo ya kazi ambayo mwenye bidhaa anayaleta, anataka nini na ana bajeti kiasi gani. Brifu ikasema watu hawaijui brandi yetu, tunataka waijue, tunataka mabango barabara ya Uyole na ya Mbalizi pamoja na tangazo la redio, na tuanze Januari bajeti mpya ikishatoka. Kwenye karatasi inasomeka vizuri tu.

Kazi ya kwanza ya planna ni kutoiamini brifu haraka. Sio kwamba mwenye bidhaa anadanganya, hapana, yeye anaijua bidhaa kuliko yeyote mle ndani, tatizo anaiangalia akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Nikaomba siku 8. Nikazunguka maduka ya Mwanjelwa, SIDO, Uyole, Mbalizi, nikashuka mpaka Tukuyu, na sikuwa nauliza maswali mengi, nilikuwa nakaa kwenye benchi la duka natazama nani anaingia, neno lake la kwanza ni lipi, nani anafungua pochi na nani anasubiri nje na pikipiki. Siku ya pili tu ikawa wazi kwamba watu wengi brandi wanaijua, wanaitamka vizuri kabisa. Ila hakuna aliyekuwa anakuja kununua paa. Walikuwa wanakuja kununua bati 6. Mwingine bati 10. Mwingine 4, anazifunga kwenye bajaji anaondoka.

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo moyo wa kazi yenyewe. Mtu wa kwetu hajengi kwa mkupuo. Msimu huu anafyatua tofali anazichoma, msimu ujao anapandisha ukuta, ukuta unakaa unanyeshewa mwaka mzima au miwili, huku yeye anavuna mahindi au viazi anauza, kwanza ada ya watoto, halafu mbolea ya msimu unaokuja, halafu kuna msiba kijijini lazima achangie, kinachobaki ndo kinanunua bati. Anazipeleka ndani anazisimamisha nyuma ya mlango au anazilaza uvunguni. Mwakani nyingine. Nilikaa na mama mmoja wa Uyole anayeuza viazi, nikampa shikamoo yake, tukaongea habari za mvua na bei ya gunia mpaka mwenyewe akaninyanyua twende nikaone, bati 14 za rangi ya damu ya mzee zimefunikwa turubai, na kilichokuwa kinamnyima usingizi hakikuwa bei wala ubora. Akasema, "Mwanangu, hizi za huku nilinunua mwaka juzi, hizi mwaka jana. Nilizitoa juani nikaziangalia, hazifanani. Nikizipiga juu watu watasema paa la yule mama lina viraka."

Usiku ule nyumbani sikuandika kitu kingine zaidi ya neno viraka.

Nikarudi kwa mafundi. Kila mtu alikuwa ameniambia fundi ndo mwamuzi wa bati, na kwa sehemu ni kweli, yeye ndo anasema geji ngapi, migongo ya kawaida au ya msauzi, na zinatakiwa ngapi. Rangi na brandi anaamua mwenye nyumba. Lakini paa likitoka na vivuli viwili anayelaumiwa ni fundi, kwahiyo mafundi wengi walikuwa wanamshauri mtu wao "subiri bosi, kusanya hela, ununue zote siku moja". Ushauri mzuri. Ila mtu anayeambiwa asubiri mpaka akamilishe hela ya paa zima, hela ile haikai, inaliwa na mambo mengine, na muuzaji wa bati anaona tu mauzo yamelala anadhani ni kwasababu hajulikani.

Umeona mnyororo ulivyo. Rangi ya koili moja, yaani lile roli la chuma ambalo bati zinakatwa, inatofautiana kidogo na ya nyingine, mnunuzi anaogopa, fundi anamwambia asubiri, hela inapotea, duka linakosa mauzo, mwenye bidhaa anaandika brifu inayosema tatizo ni kujulikana. Mabango hata yangejaa kutoka Uyole mpaka Tunduma yasingegusa hata pingili moja ya huo mnyororo.

Kinachofuata ni planna kuandika brifu ya pili, hii sasa inaenda kwa wabunifu, na hii ndo kazi yake ya mikono kama fundi ana randa. Ni ukurasa mmoja. Ukizidi hapo hujui bado unachosema. Ya kwetu ilikuwa na mengi ya kawaida kama eneo na bajeti ila iliyobeba yote ilikuwa sentensi moja: anayejenga kidogo kidogo anaogopa shida zake zisije zikaonekana juu ya paa. Na chini yake, mhakikishie bati la mwaka huu na la mwakani yatafanana.

Sasa ahadi kama hiyo huwezi kuipeleka redioni hivi hivi. Ni kweli? Nilirudi kwa mwenye bidhaa kumuuliza kama anaweza kuitimiza, na kikao kile kilikuwa kigumu kuliko vyote maana alikuja kusikiliza tangazo akakuta anaulizwa habari za stoo yake. Mwishowe ikakubalika kwamba kila risiti itaandikwa namba ya rangi na namba ya koili, duka litabaki na nakala, na mwenye bidhaa akiagiza mzigo mpya anaagiza kwa namba ile ile ya rangi, na bati jipya linalinganishwa na kipande kilichobakizwa kabla halijauzwa. Kitu cha kalamu na daftari tu. Ndo maana nasema planna mzuri mara nyingine kazi yake kubwa haionekani kwenye tangazo kabisa, inaonekana kwenye risiti.

Na ile Januari. Januari huku mvua imeshika, watu wako kwenye palizi, hela imeisha kwenye ada na mbolea, nani anaezeka? Mahindi yanaanza kuvunwa kuanzia Mei, Juni, hela inazunguka Julai mpaka Septemba, na mtu anakimbizana aezeke kabla mvua za Novemba hazijarudi. Mwenye bidhaa alishikilia mabango yasimame Januari kwasababu bajeti yake ilikuwa ya Januari, yakasimama, yakanyeshewa. Redio tukafanikiwa kuiokoa tukaipeleka Juni. Hilo la mabango bado linaniuma kwakweli, ilikuwa hela nyingi na nilitakiwa nipambane zaidi.

Hii kazi ina umri gani na ilitokea wapi? Sio ya enzi na enzi. Ilizaliwa London miaka ya 1960. Kabla ya hapo ajensi zilikuwa na watafiti, ila walikaa idara yao wanaitwa mwishoni, tangazo limeshatengenezwa ndo wanaulizwa linafaa au halifai. Watu wawili kwenye ajensi mbili tofauti wakafikia wazo linalofanana kwamba huyu mtu anayemjua mnunuzi awepo toka mwanzo. Mmoja alikuwa Stephen King wa J. Walter Thompson, sio yule mwandishi wa hadithi za kutisha wa Marekani, majina tu yamefanana. Wa pili Stanley Pollitt, mmoja wa waanzilishi watatu wa ajensi ya Boase Massimi Pollitt iliyofunguliwa mwaka 1968. Mwaka huo huo J. Walter Thompson wakaanzisha idara yenyewe, na jina la kazi likapendekezwa na mwenzao Tony Stead. King alikuwa anaiangalia brandi kwa mbali na kwa muda mrefu, inatakiwa ikae wapi kwenye akili za watu. Pollitt yeye alitaka sauti ya mnunuzi iingie mpaka kwenye tangazo lenyewe, alikuwa anachukua michoro ya tangazo kabla halijapigwa picha anaenda kuionyesha kwa vikundi vya watu wa kawaida kuona wanaelewa nini. Mpaka leo maplanna tumegawanyika hivyo hivyo, kuna wa slaidi na kuna wa benchi la dukani, na mimi nimeshasema nakaa wapi.

Ajensi ya Pollitt ndo iliyotoa mwaka 1974 lile tangazo la Smash, viazi vya unga vya Cadbury, ambapo kuna viumbe vya bati vya kutoka sayari ya Mars vinawacheka binadamu kwamba bado wanamenya viazi kwa visu, wanachemsha, halafu wanaviponda. Uingereza lilipendwa sana. Nalitaja kwasababu lipeleke tangazo lile lile milima ya Uporoto au Njombe uone. Huku kiazi kiko mlangoni, kinauzwa kwa debe, na kumenya ni muda ambao mama, mabinti na jirani wanakaa chini wanaongea, hakuna aibu ya kuchekwa pale. Tangazo zuri, mnunuzi mwingine. Hiyo ndo planna anatakiwa aione kabla hela haijatoka.

Marekani kazi ilifika rasmi mwaka 1982 pale ajensi ya Chiat/Day ilipomchukua Jane Newman kutoka Uingereza. Na mfano ambao kila planna duniani anafundishwa unatoka California mwaka 1993. Unywaji wa maziwa ulikuwa unashuka, na kwa miaka watu walikuwa wanaambiwa maziwa ni afya, maziwa ni mifupa, walikuwa wanajua na bado hawanywi. Ajensi ya Goodby Silverstein, planna wao akiwa Jon Steel, wakawaomba watu wakae wiki nzima bila maziwa kabisa halafu waje waseme ilikuwaje. Waliporudi hawakuongelea afya. Waliongelea ile dakika una biskuti au keki mdomoni, unafungua friji, maziwa hakuna. Kampeni nzima ikajengwa juu ya dakika hiyo moja, swali la maneno mawili tu, una maziwa? Na ukitaka kuthibitisha kwamba inaeleweka, muulize mtu wa Mafinga asubuhi ya Julai, baridi imemshika, sufuria la chai liko jikoni na kwenye chupa ya maziwa hakuna kitu, atakueleza hiyo dakika bila kusoma popote.

Hapo ndo linapoingia lile neno ambalo kila mtu wa matangazo analisema, insaiti. Linatumika vibaya mno. Watu wa Mbeya wanapenda chai, hiyo ni taarifa. Asilimia fulani ya wanunuzi wa bati ni wanaume, hiyo ni takwimu. Insaiti ni ile sababu ya ndani ambayo ukimwambia mhusika ananyamaza kidogo halafu anasema "ndo hivyo", kama vile umemtolea kitu alichokuwa nacho mdomoni. Ina maumivu ndani yake au ina hamu, na mara nyingi ina mvutano, mtu anataka kitu na kuna kingine kinamzuia. Yule mama anataka kujenga kwa uwezo wake na hataki majirani wauone uwezo wake. Ukikosa huo mvutano una taarifa tu, na wabunifu ukiwapa taarifa watakupa wimbo mzuri wenye jina la bidhaa limerudiwa mara 5.

Kuna jambo linanikera kwa dhati nalo ni namna huku kwetu kunavyotangazwa. Maamuzi mengi yanafanyika Dar, zaidi ya kilomita 800, na tangazo moja linatumwa nchi nzima. Unakuta Julai, Mbeya iko mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, watu wamevaa makoti na kofia za sufu, Makete huko asubuhi kuna barafu kwenye majani, na redio inatwambia tukate kiu ya joto hili kwa soda baridi. Au wanakumbuka kwamba kuna Nyanda za Juu Kusini wanaweka "Kamwene!" mwanzo wa tangazo wanarusha mpaka Tukuyu, wakati kamwene ni salamu ya Iringa na Njombe, Wahehe na Wabena, Mnyakyusa anakusalimia "ugonile". Mtu hakasiriki, anaona tu kwamba hii haimhusu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Maana hata hizo Nyanda za Juu zenyewe sio sehemu moja. Shuka Kyela, ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu, joto, mpunga na kakao, mchele wake unatafutwa nchi nzima. Panda Tukuyu ni ndizi, chai na mvua ambayo haijui kuaga. Tunduma ni mpakani, maroli ya kwenda Zambia na Kongo yamepanga foleni, kwacha na shilingi zinashikwa mkono mmoja, mnunuzi wake analala huku biashara yake iko kule. Mafinga hela inatoka kwenye mbao, Njombe kwenye viazi na parachichi, na hela hizo hazitoki mwezi mmoja. Planna anayekaa huku kitu cha kwanza anachotakiwa kuwa nacho ukutani ni kalenda ya hela, wapi hela inatoka mwezi gani na inaenda wapi kwanza. Mimi ya kwangu nimeichora kwa mkono na kila nikisafiri naisahihisha.

Kuuliza nako kuna ufundi wake na hapa ndo nimeona vijana wengi wanakosea. Ukimfuata mtu na dodoso ukamuuliza "je utanunua bidhaa hii?" atasema ndiyo. Sisi tumelelewa hivyo, mgeni amekuja nyumbani na kitu chake unamwambiaje kibaya? Anakujibu kwa adabu, wewe unaandika asilimia 80 wamekubali, bidhaa inaingia sokoni inakaa kwenye rafu. Usimuulize atafanya nini, muulize alifanya nini. Mara ya mwisho ulinunua lini, ulikuwa na nani, ulilipa cash au kwa simu, ulibeba na nini, nyumbani nani alikuuliza bei. Mtu hawezi kukupamba kwenye vitu hivyo. Na kabla ya yote pita kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ujitambulishe, vinginevyo mtaa mzima utadhani umetumwa na watu wa kodi na hakuna atakayekwambia ukweli. Kama unachukua namba za simu au unarekodi sauti, omba ruhusa kwa maneno yanayoeleweka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai hivyo na hata bila sheria ni heshima tu.

Kwenye hela nitapita haraka. Waingereza wawili, Les Binet na Peter Field, walichambua kampeni nyingi zilizokuwa zimeshindanishwa kwenye tuzo za ufanisi kule kwao, mwaka 2013 wakatoa kanuni kwamba kwa wastani asilimia kama 60 ya bajeti iende kwenye kujenga brandi kwa muda mrefu na 40 kwenye kusukuma mauzo ya sasa hivi. Wengi wanaibeba kama amri. Mimi naichukua kama onyo kwa mtu anayetumia yote kwenye ofa na punguzo, ila namba zenyewe zimetoka kwenye kampeni kubwa za nchi yenye maduka tofauti kabisa na ya kwetu, usimpelekee mwenye duka moja Makambako ukamwambia 60 kwa 40, muulize kwanza watu wake wanarudi mara ngapi kwa mwaka.

Kama unataka kuingia kwenye kazi hii ukiwa huku, ukweli ni kwamba cheo chenyewe hukikuti kirahisi. Sehemu nyingi zinazoitwa ajensi kwenye miji yetu zinachapa mabango, tisheti, stika na kadi za harusi, na mtu mmoja ndo dizaina, ndo akaunti, ndo dereva. Usidharau hapo. Mtu akija anataka bango la saluni, kabla hujafungua kompyuta muulize wateja wake wa Jumamosi wanatoka wapi na walimjuaje, hayo maswali mawili ndo planna kazini na hayahitaji cheo. Waliosoma takwimu, sosholojia, biashara, hata uandishi wa habari wanaingia vizuri, ila niliowaona wakifika mbali ni wale wanaoweza kusikiliza mtu nusu saa bila kumkatiza halafu wakaandika walichosikia kwa sentensi moja. Ni ngumu mno hiyo. Mimi bado naandika sentensi 20 nafuta 19.

Septemba iliyofuata nilipita lile duka la bati kwa mambo yangu mengine. Akaingia mzee, kwa vumbi la viatu ametoka mbali, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake karatasi imekunjwa mara nne, akaiweka kaunta akasema "nataka kama hizi, 8." Kijana wa duka akasoma namba akaenda stoo. Hakuna aliyetaja brandi.

Yule mama wa Uyole yeye bati zake zilikuwa za kabla ya zile risiti, namba hazikuwepo, hakuna tulichoweza kumsaidia. Fundi wake ndo alimaliza. Za mwaka juzi akazipiga upande wa nyuma unaoangalia migomba, za mwaka jana na mpya akazipiga mbele barabarani, na nilipopita mwezi wa kumi alikuwa amehamia, madirisha bado yana mbao, amenikaribisha chai ukumbini ananionyesha dari litakapokaa.